Fremu 60 za buluu: kuchapa video kwa sainotaipu na kuirudisha kwenye mwendo

Jaribio hili linachukua sekunde tano za video, linazigawa kuwa fremu 60, linazichapa kwa mkono kwenye karatasi nne kwa rangi ya buluu, kisha linaziskani na kuziunganisha upya ziwe video. Ukiitazama utaona tendo lilelile ulilorekodi, lakini juu yake kuna mwendo wa pili: mistari ya brashi, chembechembe za karatasi na madoa ya maji, vyote vikitetema kwa sababu hakuna fremu mbili zilizopakwa sawasawa. Mwendo huo wa pili ndio kazi yenyewe ya sanaa. Kwa hiyo katika kila hatua kuna uamuzi wa kufanya: mtetemo upi unautaka, na upi ni uzembe tu.

Sainotaipu, yaani njia ya kuchapa picha za buluu kwa dawa na mwanga wa jua, ni ya John Herschel, aliyeivumbua mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kuitumia kuchapa picha za mwani. Eadweard Muybridge, yule aliyepiga picha za farasi akikimbia mwaka 1878, alichapa nakala za majaribio za picha zake za mwendo kwa njia hii hii katika miaka ya 1880. Naye Étienne-Jules Marey, kwa bunduki yake ya picha ya mwaka 1882, alipata picha 12 kwa sekunde. Nasi tutatumia 12, ingawa sababu yetu ni hesabu tu: 12 mara 5 ni 60, na 60 inaingia kwenye karatasi nne, fremu 15 kila moja, bila kubaki nafasi tupu.

Kurekodi

Kila fremu itakuwa na upana wa milimita 56 na urefu wa milimita 42. Kwa ukubwa huo nyuso za watu walio mbali hupotea, majani madogo hugeuka uji, na vitu vya kijivu juu ya mandhari ya kijivu havionekani kabisa. Chagua tendo lenye umbo linalosomeka hata kama kivuli: mkono unaofunguka, kitambaa kinachodondoka, maji yanayomiminwa mbele ya ukuta mweupe.

Weka kamera mlalo kwenye stendi. Funga fokasi na mwanga. Kwenye simu nyingi unabonyeza kioo kwa sekunde kadhaa hadi alama ya kufuli itokee. Usipofunga, simu itajirekebisha katikati ya tendo na utachapa mabadiliko ya mwanga ambayo hukuyaomba. Kama una uwezo wa kupanga shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, tumia 1/100 ya sekunde au kasi zaidi ili kila fremu iwe kali. Chini ya taa za umeme angalia jambo moja zaidi: umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi zipwepwese mara 100 kwa sekunde, hivyo shata ya 1/50 au 1/100 huepusha mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Kwenye umeme wa hezi 60 tumia 1/60 au 1/120. Mwanga wa mchana wa dirishani hauna shida hii.

Rekodi mara kumi. Sekunde tano ni chache sana, na tendo linapaswa kuanza na kuisha ndani yake.

Kutoa fremu na kupanga kurasa

Programu ya bure ya ffmpeg inafanya kazi yote kwa amri moja. Hapa tunaanzia sekunde ya tatu ya video:

ffmpeg -ss 00:00:03 -t 5 -i chanzo.mp4 -vf "fps=12,crop=ih*4/3:ih,scale=1320:990,hue=s=0,negate,tile=3x5:margin=118:padding=142" ukurasa_%d.png

Amri hii inachukua fremu 12 kwa kila sekunde, inakata pande ili umbo liwe nne kwa tatu, inaondoa rangi, inageuza nyeupe kuwa nyeusi na nyeusi kuwa nyeupe, kisha inapanga fremu safu tatu kwa mistari mitano. Utapata kurasa nne za pikseli 4480 kwa 5754. Ukiona ukurasa wa tano ulio karibu mtupu, ni fremu ya ziada iliyotokana na kukadiria muda, iache.

Ule mpaka mweusi unaozunguka kila ukurasa usiuondoe hata kidogo. Wino mweusi utazuia mwanga, kwa hiyo kwenye karatasi mpaka huo utatoka mweupe, ukizungukwa na buluu nzito ya sehemu ya nje iliyopakwa. Pembe nne za mpaka mweupe ndizo utakazotumia baadaye kunyoosha skani. Bila hizo utakuwa ukikata fremu 60 kwa kukadiria kwa macho, na video itarukaruka kama imepigwa ndani ya gari bovu.

Chapisha kila ukurasa kwenye plastiki angavu ya printa, nayo ndiyo negativu yako, upana wa picha ukiwa milimita 190, na uchague kupindua ukurasa kama kwenye kioo. Pindua ukurasa mzima mara moja. Ukipindua fremu moja moja, kila fremu itakuwa sahihi lakini mpangilio wa safu utakuwa kinyume, na tendo litarudi nyuma fremu mbili, kisha kuruka tano mbele. Sababu ya kupindua ni kwamba upande wenye wino utalala moja kwa moja juu ya karatasi. Ukiuacha juu, unene wa plastiki huruhusu mwanga kupenya pembeni na picha huwa na ukungu.

Kwa printa ya wino chagua ubora wa juu kabisa na aina ya karatasi ya picha inayong'aa, ili printa imwage wino wa kutosha. Kwa printa ya leza hakikisha plastiki ni ya leza. Ile ya kawaida huyeyuka ndani ya mashine. Leza pia huacha vitobo vidogo kwenye sehemu nyeusi, navyo hutokea kama vumbi la buluu.

Dawa na karatasi

Unahitaji dawa mbili, kila moja kwenye chupa yake ya kahawia:

- Chupa A: gramu 25 za ferik amonium sitreti ya kijani, na maji hadi ijae mililita 100.
- Chupa B: gramu 10 za potasiamu ferisianaidi, na maji hadi ijae mililita 100.

Tumia maji yaliyochujwa madini kama unayapata. Vaa glavu, fanya kazi mahali penye hewa, na usitumie vyombo vitakavyorudi jikoni. Ferisianaidi ikiwa peke yake ni tulivu kuliko jina lake linavyotisha, ila usiichanganye na asidi kali wala kuichemsha nayo, kwa sababu hapo hutoa gesi ya sumu. Chupa A huota ukungu baada ya muda. Ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa na uendelee. Dawa yenyewe haijaharibika. Chupa hizi mbili zikikaa mbalimbali hudumu miezi, lakini zikishachanganywa zitumie siku hiyohiyo.

Changanya kiasi sawa cha A na B. Karatasi moja ya A4 inakula takriban mililita 3, na brashi kavu hunywa kiasi kwenye karatasi ya kwanza. Kwa karatasi nne za kazi na mbili za majaribio, mililita 10 za kila chupa zinatosha. Pima kwa sirinji.

Karatasi inayofaa ni ya rangi za maji, laini, yenye uzito wa gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza. Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima. Karatasi nyingi za wasanii hutiwa kalsiamu kaboneti kiwandani ili zisigeuke njano, na kemikali hiyo ina ualkali, ambao huila buluu. Dalili zake ni picha iliyopauka hata baada ya mwanga mrefu, au mpako wa njano unaoanza kugeuka kijani-buluu ukiwa bado gizani. Ukiona hivyo usiilaumu dawa. Badili karatasi.

Kupaka

Si lazima uwe na chumba cha giza. Dawa hii inahisi miale ya urujuanimno (UV) na buluu, kwa hiyo taa hafifu ya mwanga wa njano inatosha, mapazia yakiwa yamefungwa. Bandika karatasi mezani kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwenye pembe. Weka alama za penseli za eneo la milimita 200 kwa 254, yaani pana kidogo kuliko negativu pande zote. Mimina mililita 3 kwa mstari juu ya karatasi, kisha uivute kwa brashi ya sifongo: kwanza mlalo, halafu wima, halafu mlalo tena kwa mkono mwepesi. Acha baada ya hapo. Anayeendelea kusugua huinua nyuzi za karatasi na kupata mabaka.

Brashi yenye chuma haifai, kwani chuma kikigusa dawa huacha madoa ya buluu.

Ukipaka kwa usawa, mtetemo kwenye video utakuwa mdogo, kama pumzi. Ukiacha mikwaruzo ya brashi ya manyoya ipite juu ya fremu, utakuwa mkubwa, kama moto. Vyote viwili ni halali. Kibaya ni kuwa na karatasi mbili za namna moja na mbili za nyingine bila kukusudia, maana kila karatasi imebeba sekunde moja na robo, na mtazamaji ataona video ikibadilika tabia ghafla kila inapofika hapo.

Anika gizani hadi ikauke kabisa, saa moja au zaidi. Karatasi yenye unyevu hunata kwenye negativu, hufyonza wino, na sehemu za giza hutoka zimepauka. Nyuma andika kwa penseli: namba ya ukurasa, karatasi gani, muda wa mwanga. Kalamu ya wino itaoshwa yote.

Kutafuta muda wa mwanga

Kata karatasi moja ya majaribio vipande. Weka kipande cha negativu juu yake, kandamiza kwa kioo, funika kwa kadibodi ukiacha sehemu ya tano wazi, toa juani. Kila baada ya dakika mbili sogeza kadibodi ufungue sehemu nyingine. Ukimaliza utakuwa na mistari ya dakika 2, 4, 6, 8 na 10. Osha, kausha, kisha angalia vitu viwili tu: ni muda upi wa kwanza ambapo sehemu isiyo na wino haizidi tena kukolea, na kama kwa muda huohuo sehemu nyeusi ya negativu imebaki nyeupe. Huo ndio muda wako. Jua kali hutaka dakika chache; mawingu yanaweza kutaka dakika 20 au zaidi.

Sehemu nyeusi zikiwa zimeingia buluu kabla ya nyingine kukolea, wino wako hauzuii miale vya kutosha. Panga printa itumie rangi zote badala ya nyeusi peke yake, au weka plastiki mbili zilizolingana kabisa. Na kama hakuna kinachotokea hata baada ya nusu saa, chunguza kioo. Vioo vya fremu za picha za bei ghali vimetengenezwa kuzuia urujuanimno, na vitaizuia hapa pia. Kioo cha kawaida kinapitisha miale ya kutosha.

Usihukumu kwa rangi unayoiona juani. Mpako mbichi ni njano-kijani. Ukipata mwanga huwa buluu, halafu sehemu nzito hurudi nyuma na kuwa kijivu chenye mng'ao wa shaba. Inaonekana kama picha imeharibika. Ukiuona mng'ao huo kwenye mpaka wa nje, mwanga unakaribia kutosha.

Mwanga wa kurasa nne

Ukitoa kurasa moja baada ya nyingine, jua halikusubiri. Wingu likipita juu ya ukurasa wa tatu, video itafifia kuanzia sekunde 2.5 hadi 3.75 kisha irudi kama kawaida. Dawa rahisi ni kuzitoa zote nne kwa pamoja, bega kwa bega, na kuzirudisha pamoja. Mwenye taa ya urujuanimno anapata usawa zaidi, mradi taa iwe mbali kiasi cha kuangaza pembe sawa na katikati.

Kuna njia nyingine, nayo inastahili kujaribiwa hata kama huna tatizo. Toa fremu moja moja kutoka kwenye video kwanza, kisha zipange upya kabla ya kutengeneza kurasa: ukurasa wa kwanza uchukue fremu ya 1, 5, 9 hadi 57, wa pili 2, 6, 10 hadi 58, na kuendelea. Sasa tofauti ya kurasa haionekani kama kuruka kila sekunde na robo, bali kama pigo linalojirudia mara tatu kwa sekunde. Hapo unaweza kuzidisha tofauti kwa makusudi, ukurasa mmoja dakika 4, mwingine 6, mwingine 8, na video nzima ikapata mapigo kama ya moyo.

Kuosha

Tumbukiza karatasi uso chini kwenye beseni la maji baridi na uitikise taratibu kwa dakika moja. Rangi ya njano itatoka. Badilisha maji, rudia, hadi dakika 10 zitimie na sehemu nyeupe zisiwe na njano. Ukiiacha njano, itaendelea kupata mwanga na weupe utageuka buluu baada ya siku chache. Kama maji yako yana chumvichumvi nyingi, beseni la kwanza tia kijiko cha siki nyeupe kwa lita. Huhifadhi rangi za kati ambazo maji yenye ualkali hula.

Buluu kamili huja yenyewe ndani ya saa 24 hewani. Ukitaka uione papo hapo, tia takriban mililita 10 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwenye lita moja ya maji na upitishe karatasi. Haiongezi kitu ambacho hewa isingefanya, lakini inakuwezesha kuamua leo kama urudie.

Kausha kwa kulaza, si kwa kuning'iniza. Karatasi inayoning'inia huvutika na pembe nne hazitakaa mraba. Ikishakauka iweke chini ya vitabu vizito usiku mzima.

Skani, kukata, kuunganisha

Skani kwa dpi 600. Zima marekebisho yote ya kujiendesha ya mwanga na rangi. Usipozima, skana itajaribu kusawazisha kila ukurasa kwa namna yake, na tofauti zote ulizozidhibiti juani zitarudi kupitia mlango wa nyuma.

Katika programu ya picha, mfano GIMP, tumia zana ya kuvuta pembe nne ili pembe za mpaka mweupe ziwe mraba, kata hapo, kisha weka ukubwa uwe pikseli 4480 kwa 5754 kamili. Sasa kila fremu iko mahali panapojulikana. Safu zinaanzia pikseli 118, 1580 na 3042 kutoka kushoto. Mistari inaanzia 118, 1250, 2382, 3514 na 4646 kutoka juu. Kila kipande ni 1320 kwa 990. Zipe majina kata_001.png hadi kata_060.png, kwa mpangilio wa tendo na si wa ukurasa kama ulichanganya.

ffmpeg -framerate 12 -i kata_%03d.png -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p -r 24 filamu.mp4

Namba ya crf, inayopanga ubora wa mbano, ukiipandisha faili hupungua, lakini chembechembe za karatasi ni mzigo mzito kwa mbano wa video na ndizo za kwanza kugeuka matope. Ile pix_fmt ukiisahau, simu nyingi zitakataa kucheza video.

Video ikiyumba kwa hatua ndogo kila fremu, tatizo ni kukata. Ikiyumba mara moja tu kila sekunde na robo, ukurasa mmoja haukunyooshwa sawa. Rudia huo peke yake. Kama tendo linakwenda zigizaga, umekata wima badala ya mlalo: fremu zinasomwa kushoto kwenda kulia, kisha mstari unaofuata.

Ukishapata ya kwanza

Weka kitu halisi, unyoya au jani, juu ya negativu kabla ya kuweka kioo, kipite juu ya mipaka ya fremu bila kuijali. Kitu kilichosimama wima kwenye safu moja kitagusa kila fremu ya tatu, kwa hiyo kwenye video kitawaka na kuzimika mara nne kwa sekunde, kikiwa vipande vipande, kila mara sehemu yake nyingine. Ukikilaza, kitapita kwa robo sekunde na kutoweka.

Au ondoa buluu. Kijiko cha chai cha magadi ya kufulia kwenye lita ya maji hupausha picha hadi njano hafifu. Acha ukurasa wa kwanza ulivyo, wa pili uzamishe sekunde 10, wa tatu 20, wa nne 40, kila mmoja ukisuuza mara moja. Kisha loweka zote kwenye chai nyeusi nzito iliyopoa: palipopauka patageuka kahawia na pasipoguswa patabaki karibu na buluu-nyeusi, ingawa chai itatia rangi hata sehemu nyeupe. Jaribu kwanza kwenye vipande vya ile karatasi ya mistari ya dakika, maana kila karatasi ina mwendo wake wa kupauka na sekunde hizi ni za kuanzia tu.

Maji ya kwanza ya kuoshea, kwa kuwa yamebeba ile ferisianaidi, yahifadhi kwenye ndoo ya peke yake, na kamwe usitie kwenye ndoo hiyo dawa ya kusafishia choo wala asidi nyingine kali.